Bwawa Tuliloliua Chukwani

Siku ya hitima ya Bi Kazija, mwanamke mmoja niliyekaa naye mkeka mmoja aliniinamia sikioni, vidole vyake vingali na mafuta ya biriani, akaniambia, "Na yale mambo ya dawa sasa tuyazike naye, Bi Rukia. Walikuwa samaki tu." Nilimjibu kwa sauti iliyowafanya waliokuwa karibu waache kutafuna: "Yeye tumeshamzika. Yale hayazikiki, maana nyinyi mlioyaona bado mpo hai, na mimi niliyeyafanya nipo hai vile vile." Akavuta kanga usoni akajifanya anaitwa jikoni. Watu wa kwetu tunapenda sana kustiriana, na mimi mwenyewe nimestiriwa mara nyingi nikashukuru, lakini hapa hakuna cha kustiri. Nimekwisha kuwa mtu mzima, magoti yananiuma nikipanda ngazi, na kama uzee una faida moja, ni kwamba hakuna tena wa kunifukuza kazi. Kwa hiyo ninaandika. Habari za nani alinizaa na wapi nilisoma sizitaki humu, zitatupotezea nafasi. Ninautaka mwaka mmoja tu, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nikilala katika nyumba ya Bi Kazija kule Chukwani na kufanya kazi karibu na hapo, katika ghala la dawa.

Bi Kazija hakuwa jamaa yangu. Nilipelekwa kwake na Bwana Nassir, mfamasia mkuu wa ghala, ambaye hakutaka msichana afanye kazi Chukwani halafu kila jioni ahangaike kurudi mjini. Chumba nilichopewa kilikuwa cha nyuma, kuta tatu za zamani zimepakwa chokaa na moja ya matofali yasiyopigwa plasta, kwa sababu nyumba ile ilijengwa kidogo kidogo kadiri bwawa lake la samaki lilivyotoa fedha. Dirisha lake lilitazama uani, penye jiko la kuni, mtungi wa maji na mkeka ambao haukukunjwa mchana kutwa. Yeye alikuwa mjane, mzaliwa wa Makunduchi, sauti nzito kidogo, na kila alasiri alisomesha wasichana wadogo Kurani barazani kwake. Siku ya kwanza aliniuliza chakula kabla hajaniuliza jina. "Unakula mwatiko?" Nikamwambia, "Nnakula, lakini miiba yake naiogopa." Akacheka. "Basi wewe hujala mwatiko. Kaa chini nikufunze." Akamlaza samaki kwenye sinia, akampasua mgongoni kwa kidole gumba, akaanza kuvuta miiba mmoja mmoja kwa subira ya mtu anayetoa mchanga kwenye mchele. "Kwangu hamna haraka ya kula," alisema. "Ukila mwatiko usiseme, na ukisema usile." Hata leo nikiona watu wanazungumza mbele ya sahani ya mwatiko roho inanipanda juu.

Samaki wale walitoka katika bwawa lao wenyewe. Wanawake kumi na mmoja, Bi Kazija akiwa ndiye mkubwa wao, walilichimba kwa majembe na matenga nyuma ya mikoko, wakalizungushia tuta, wakaweka mlango wa mbao wenye kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwa Bi Kazija. Mara mbili kila mwezi, linapokuja bamvua na maji kupanda mpaka yanagusa matawi ya mikoko, waliufungua mlango ule, maji mapya yakaingia na vifaranga vya mwatiko ndani yake, kisha wakaufunga. Chakula hawakununua. Chini ya bwawa palikuwa na utando wa kijani ulioota wenyewe juu ya tope, na ndani ya tope palikuwa na minyoo midogo na kamba wadogo, na mwatiko walilisha humo asubuhi na jioni. Bi Kazija alikuwa akinichukua kwenda kutazama. Alichuchumaa kwenye tuta, akatia mkono majini, akatoa kipande cha utando ule na kunionesha kama mtu anayeonesha kitambaa cha thamani dukani. "Hili ndilo shamba," aliniambia. "Samaki ni mavuno tu."

Sasa nije kwenye ghala. Ninaikumbuka harufu yake kuliko ya nyumba yoyote niliyowahi kuishi: maboksi yaliyoingia unyevu, vitamini, na vumbi chungu lililokaa kooni mpaka magharibi. Dawa nyingi zilikuwa za msaada, zimekuja kwa makontena, nyingine zimebakiwa na miezi miwili ya uhai, nyingine zina maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Kazi yangu ilikuwa kuzitenga zilizo hai na zilizokwisha muda. Zilizokwisha tuliziita maiti, na maiti zilikuwa nyingi. Ninataka nimtendee haki Bwana Nassir, maana baadaye watu walimpakaza mengi: hakuwa mtu mwovu. Zamani aliwahi kuona vidonge alivyovitupa jalalani vikiuzwa mjini juu ya meza ya mchuuzi, na mtoto mmoja kuvila akafikishwa hospitali, na tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna dawa itakayotoka mikononi mwake ikiwa nzima. Kila kidonge tulikitoa kwenye karatasi yake, tukakitia katika pipa la maji, tukakoroga kwa mti mpaka kikayeyuka. Vidonge vya kapsuli tulivipasua. Vidole vyangu vikawa vya njano, na Bi Kazija alinitania kila nikinawa: "Umetiwa hina ya ghala, bibi harusi." Pipa likijaa tulilimwaga katika karo nyuma ya ghala, tukaongeza maji ya kisima, na karo lile lilikuwa na bomba lenye kizibo lililotoa maji katika mfereji wa kwenda mikokoni.

Na hapa ndipo lilipo kosa letu. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani Unguja anaijua kanuni ya kulla mbili: maji yakifika kiasi hicho, yaani kama pipa moja kubwa lililojaa, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Bwana Nassir alikuwa mtu wa swala tano, dawa amezisomea ng'ambo ya bahari na dini ameisomea kwa babu yake, na kanuni ile aliileta kazini bila kufikiri mara mbili, kama unavyoleta kanzu yako. Karo letu liliingia mapipa mengi. Kabla ya kufungua kizibo aliniita na mimi nikateka maji kwa kikombe cheupe. "Tazama rangi." "Hayana, Bwana." "Nusa." "Hayana harufu." "Ladha tuiache, nisije nikakuzika," alisema kila mara, na kila mara tulicheka. "Alhamdulillahi. Ni safi hayo. Fungua." Tena alichagua siku ya bamvua kwa makusudi, ili maji makubwa yakirudi yachukue kila kitu mbali na watu. "Bahari ni tohara, Rukia," aliniambia. "Inameza na haibadiliki." Mimi nilijiona fundi. Nilikuwa na umri mdogo, nina kikombe cheupe mkononi, na mtu mwenye elimu mbili ananiambia nilichopima ni safi. Tulipima sumu kwa kipimo cha udhu, na sikumsikia hata mtu mmoja aliyeuliza kama ndicho kipimo chake.

Kaa ndio waliotangulia. Siku moja baada ya bamvua la mwanzo wa kiangazi, Bi Kazija alirudi kutoka bwawani, akanawa miguu, akakaa mkekani bila kuvua mtandio. "Kaa wamelala matumbo juu," alisema, "miguu inacheza, lakini hawageuki. Kaa hatoki mchana vile ila kafukuzwa." Kesho yake kamba walikuwa wamejipanga weupe kwenye mbao za mlango. Wiki ikapita, utando wa kijani ukaanza kubanduka vipande vipande na kuelea, rangi ya kahawa iliyomwagika, na mwatiko wakawa wanazunguka juu ya maji, midomo wazi, wengine ubavu, hawastuki hata ukiwapigia makofi. Likaja bamvua la pili, wanawake wakafungua mlango kwa furaha, wakidhani maji mapya yatawaponya. Asubuhi moja tu, samaki wote wakafa. Na mimi nilikwenda kusaidia. Niliwazoa kwa mikono hii yenye hina ya ghala, nikawatia katika matenga, tukawafukia shimoni, na Bi Kazija alisimama juu ya shimo na fimbo kuwazuia paka. "Hata paka wasile," alisema. "Sijui nini hiki."

Wenzake walisema wanakijua. Niliwasikia kupitia dirisha langu siku ya tatu yake, wamekaa uani wakidhani mwenye nyumba yuko kisimani. Aliyeongoza maneno alikuwa Bi Mgeni, msaidizi wake bwawani, mwanamke mwembamba mwenye pete kidole cha kati. "Huu ni utupa," alisema. Utupa, kwa asiyeujua, ni mmea unaopondwa na kutiwa majini, samaki wakalewa, wakaokotwa kwa mkono. "Nani ana ufunguo? Nani alikataa tusivune mwezi uliopita? Tena kwao Makunduchi utupa wanaujua kama sisi tunavyoujua mchicha." Mwengine akaguna, mwengine akasema, "Astaghfirullahi, dada, usimsingizie mtu." Lakini hakusema kwa nguvu. Ndipo Bi Kazija alipotoka ndani, ungo wa mchele mkononi, hakuwa kisimani hata kidogo. "Semeni kwa sauti," aliwaambia. "Masikio yangu yashaanza uzee. Mnasema nimefanya nini?" Waliondoka mmoja mmoja, na kabla ya juma kwisha habari ilikwisha fika kwa sheha wa mtaa. Sheha akaweka siku ya kusikiliza. Ikithibitika ni utupa, Bi Kazija atanyang'anywa ufunguo na kutolewa bwawani, na kila mtoto aliyekuwa akisomea barazani kwake atakatazwa na mama yake. Walikwisha anza kukatazwa. Alasiri sheha alipoiweka siku hiyo, walikuja watatu.

Siku hiyo hiyo tulikula muhogo wa nazi na dagaa, kwa kuwa mwatiko hapakuwa tena. Bi Kazija hakula, alikuwa akihesabu kwa vidole, anajisemea mwenyewe. "Bamvua lililopita twalifungua Jumatano. Alhamisi wakaanza kufa. Lile la kabla yake, lilikuwa siku gani? Jumatano vile vile. Kesho yake ndipo kaa." Niliurudisha muhogo sahanini. Jumatano zote mbili nilikuwa nimepiga magoti kwenye karo, nimeshika kizibo, namsubiri Bwana Nassir aseme fungua. "Una nini?" aliniuliza. "Sina kitu, Bi Kazija." "Mbona umekuwa kama aliyemeza mwiba?" Nikamwambia muhogo una moto.

Kesho yake baada ya kazi niliufuata mfereji kwa miguu kuanzia kwenye bomba. Tope la mikokoni huwa na sauti, linatatarika mchana kutwa kwa kaa wadogo na makome wanaofungua na kufunga. Lile lilikuwa kimya. Hapakuwa na tundu jipya hata moja, makome yalikuwa maganda matupu, na mfereji uliingia katika mkondo hatua chache juu ya mlango wa bwawa, ambapo maji ya bamvua hupita kabla ya kuingia ndani. Nikateka maji kwa kiganja. Hayakuwa na rangi. Nikayanusa, hayakuwa na harufu. Nilikaa pale kwenye mizizi, maana akilini mwangu majina ya vidonge yalianza kujipanga. Tulikuwa tumeyeyusha maboksi na maboksi ya dawa ya minyoo, na dawa ya minyoo haiulizi kama mnyoo yuko tumboni mwa mtoto au topeni mwa bwawa. Tulimwaga dawa za kuua vijidudu, na utando wa kijani umejaa viumbe vidogo vile vile. Tulimwaga ile ya kuua chawa na upele, na kamba na kaa, ukiwatazama vizuri, ni jamaa wa chawa. Karatasi ilisema zimekwisha muda, lakini dawa haijui kusoma karatasi. Ilikwenda bwawani ikafanya kazi iliyotumwa.

Sikusema. Ninaliandika hili waziwazi kwa sababu ndilo ninaloulizwa kidogo kuliko yote. Siku kumi na mbili nililala katika chumba kile, nikala chakula kile, nikamsikia kupitia ukutani akisoma Yasini kwa sauti ya chini na kupenga pua. Niliogopa kazi yangu, na zaidi nilimwogopa Bwana Nassir, au niseme kweli, nilimpenda kama baba na nilichelea uso wake. Siku ya kumi nilimwendea ofisini kwake nikamweleza, mikono nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Samaki hufa kwa joto kila kiangazi," alisema kwa upole. "Wewe mwenyewe umeyapima maji. Yalibadilika?" "Hayakubadilika, Bwana." "Basi usiseme jambo usilokuwa na yakini nalo, mwanangu. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakuleta hapa." Nilitoka nikajiona mpumbavu, na kwa siku mbili nzima upumbavu ule ulinipa raha, kwa sababu ulinipa ruhusa ya kunyamaza. Nikisikia leo watu wanasema "tusubiri uhakika" wakati jirani yao anatukanwa, ninaijua raha hiyo inavyonukia.

Siku ya kusikilizwa tulikaa barazani kwa sheha, wanaume upande mmoja na wanawake upande mmoja, kahawa ikapita. Bi Mgeni alisema yake. Bi Kazija alikana, kwa maneno machache, bila kuapa. Mtu mmoja akauliza, bila nia mbaya, kama huenda maji ya ghala yamechangia, na kwa swali hilo hilo, lililokwisha sikika mtaani, Bwana Nassir alikuwa ameitwa. Alisimama katika kanzu yake iliyopigwa pasi, kofia imekaa vizuri. "Bwana Sheha, maji yetu ni zaidi ya kulla mbili mara nyingi. Hayana rangi, hayana harufu. Kila mara yanapimwa, na mpimaji ni msichana huyu, anayelala nyumba ya mshitakiwa mwenyewe. Rukia, mwambie Bwana Sheha." Akageuka kunitazama, anatabasamu kidogo, kwa sababu aliniamini. Ninakumbuka nilisimama nikashikilia nguzo ya baraza. "Ni kweli," nilisema. "Hayana rangi wala harufu. Na sisi ndio tuliowaua samaki. Bi Kazija hana kosa. Nilifungua kizibo mimi, Jumatano zote mbili."

Pakawa na zogo. Mtu alisema nimelishwa maneno, mwengine akasema nimerogwa, na Bwana Nassir alikaa chini kama mtu aliyevutiwa kiti. Kisha akasema, si kwa hasira, "Huyu bado mtoto. Maji ya bahari ni tohara, hata chuoni wanafunzwa." Bi Kazija akajibu kutoka upande wa wanawake. "Bwana Nassir, mimi ndiye nnayewafunza. Tohara ni ya mimi kutawadhia nikasimama mbele ya Mola wangu. Sikuona katika kitabu chochote kwamba ni ya samaki kuishi ndani yake. Hayo ni masuala mawili, na nyinyi mmeyatia chungu kimoja." Akamgeukia sheha. "Tusibishane. Nileteeni kamba hai."

Vijana wakatumwa upande wa pili wa mkondo, kwenye maji ambayo mfereji wetu haufiki, wakaja na kamba kwenye ndoo. Mabeseni mawili ya bati yakawekwa juu ya baraza, yakajazwa maji yale yale ya bahari, wakatiwa kamba kumi huku na kumi huku. Maji ya karo yaliletwa kwenye dumu. Bwana Nassir hakukataa, bali alishika kata kwa mkono wake mwenyewe, akasema bismillahi, akamimina katika beseni la kushoto. Alikuwa na yakini. Tukakaa. Kahawa ikapita tena, watu wakazungumza habari za bei ya mchele, sheha akasinzia. Kabla ya adhana ya adhuhuri kamba wa kushoto walianza kuruka, kisha wakaacha kuruka, wakalala ubavu, miguu inakwenda kama ya wale kaa. Wa kulia walikuwa wanatembea chini ya beseni, wanapapasa papasa. Bwana Nassir aliinama juu ya beseni la kushoto. Akateka maji kwa kiganja, akayatazama kwenye mwanga, akayanusa. Alibaki ameinama hivyo muda mrefu sana, na mimi nilitamani aniangalie na niliogopa aniangalie. Kisha alivaa viatu vyake akaondoka bila kumuaga mtu. Nililia mbele ya mtaa mzima. Alasiri barua ya kunisimamisha kazi ililetwa nyumbani, na kwa miaka mingi baadaye hakuna ghala wala duka la dawa mjini lililotaka kusikia jina langu. Sijutii. Nilimpenda na nilimwasi, na kama angefufuka leo ningemwasi tena.

Sheha alisema neno la utupa limekwisha. Bi Mgeni alikuja jioni ile na sahani ya mkate wa kumimina, akasimama mlangoni, na Bi Kazija aliipokea sahani akamwambia, "Leo umenijia na mkate. Kesho waite wenzetu wote tisa uwaambie kwa mdomo ule ule uliosemea utupa." Naye akawaita, akawaambia. Usiku ule, mimi na Bi Kazija tulipobaki peke yetu, aliniuliza, akiwa amenipa mgongo, anachochea kuni. "Ulijua tangu lini?" "Siku kumi na mbili." "Siku kumi na mbili unakula kwangu." "Naam." "Na mimi naitwa muuaji wa samaki." "Naam, Bi Kazija." Hakugeuka. Nilikwenda chumbani nikaanza kufunga nguo zangu katika kanga, na nilikuwa nimefika kwenye fundo alipoita. "Wali unapoa. Kaa ule. Ukishakula utanitajia mlichomwaga, kimoja kimoja, usiniachie hata kimoja."

Sikuondoka. Miezi iliyobaki ya mwaka ule nilifanya kazi bwawani, jembe mkononi, tukikwangua tope lile la juu na kulibeba kwa matenga mpaka kwenye shimo lililojengewa saruji, na mabega yangu yakachubuka, na hakuna aliyenihurumia wala sikutaka huruma. Huku tukichimba Bi Kazija aliniamrisha niseme majina ya dawa, na wanawake wenzake wakafuatisha. Mwanzoni walicheka, ndimi zikiteleza. Bi Mgeni ndiye aliyeyashika haraka kuliko wote. Hakuna kamba aliyerudi mwaka ule, wala mwaka uliofuata, na ninalisema hili kwa wanaosema walikuwa samaki tu.

Mwisho wa mwaka walikuja maofisa watatu kutoka mjini kuchunguza habari ya bwawa. Mmoja wao, kijana mwenye faili jipya, alisimama kwenye tuta akiinua suruali isiguse tope, akawatazama wanawake wale wenye matope mpaka magotini akatabasamu. "Haya, mama zangu. Mnasema dawa. Dawa gani, za kuumwa kichwa?" Mimi nilifungua mdomo. Bi Kazija aliniwekea mkono wenye tope juu ya wangu, nikaufunga. "Andika, baba," alimwambia. Akaanza. Tetrasaiklini. Ampisilini. Klorokwini. Bi Mgeni akapokea: mebendazoli, ivermektini, diklofenaki. Nyuma yake wengine, kila mmoja na lake, vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kifafa, wakataja na rangi za maboksi, mpaka kijana yule akaacha kutabasamu, akachuchumaa, akaweka faili juu ya goti ili aweze kuwahi. Walipomaliza alifuta jasho. "Nani amewafundisha yote haya?"

"Aliyeyamwaga," alisema Bi Kazija. Akanisukuma mgongoni, nikasogea hatua moja mbele yao wote. "Ndiye huyu. Na yeye mwandike."

Nilitaja jina langu, la baba yangu na la babu yangu, polepole, na nikasimama pale mpaka akamaliza kuandika.